Mwathiriwa wa Barabara

Jumapili moja ilitangazwa kanisani kwamba Mwaitu, yaani mama yangu, ni mwathiriwa wa barabara. Yeye mwenyewe hakuwepo kusikia. Goti lilikuwa limemkatalia, akabaki nyumbani akichambua ndengu.

Barabara inayopanuliwa kupitia upande wetu, karibu na Kasikeu, ina maafisa wa kupunguza athari, na maafisa hao humwita mwathiriwa kila mtu anayeishi kando yake. Walikuwa wamemwomba naibu wa chifu apeleke habari kwamba Jumatatu watamtembelea mama. Naibu wa chifu akampigia pasta. Pasta naye akatangaza kwamba mama yetu ni mwathiriwa wa barabara, kwamba kesho wakubwa wanakuja kwake, na kwamba tumkumbuke katika maombi.

Sasa neno hilo sisi tunalijua kutoka redioni. Waathiriwa ni wale waliotolewa kwenye gari lililobingirika, na kwa kawaida taarifa humalizia kwa kutaja mochari. Hakuna aliyewahi kusikia mwathiriwa anachambua ndengu.

Niseme kwanza mama alikuwa anataka nini, maana huko ndiko kulikuwa na shida ya kweli. Nyumba yake iko upande huu wa barabara, kisima kiko upande ule. Kila asubuhi huvuka na punda wake kuteka maji. Barabara mpya ilikuwa imeinuliwa kwa udongo mpaka ikampita kimo, na tulisikia itawekwa vyuma kandokando, kivuko kikiwa kule sokoni, mbali mno kwa goti lile. Nilienda kwenye ofisi yao ya mabati mara kadhaa kuomba kivuko mbele ya lango lake. Kila mara niliambiwa jambo hilo linaangaliwa. Sikujua linaangaliwa na nani, kwa sababu hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye simu yake, na nilikuwa nikitoka pale nimefura kwa hasira.

Jumapili hiyo nilikuwa mjini Wote. Mtu alinipigia akaniambia pole kwa kumpoteza mama. Nikakaa chini palepale mlangoni mwa duka. Nilipiga namba ya mama bila kujua kwa nini, na akashika. Aliniuliza nalia nini, akasema nisimalize kredit kwa kulia.

Nilipofika nyumbani akina mama wa kanisa walikuwa wameshaingia na sukari, majani ya chai na kuni, wakiimba. Walimkuta marehemu mlangoni akiwauliza nani amekufa. Waliona aibu, lakini hakuna mtu kwetu anayerudisha nyumbani kwake sukari aliyoipeleka matangani. Ni kujiitia mabaya. Kwa hiyo wakawasha moto wakapika. Mama alitaka kujua nani alilia sana alipotangazwa, na wale waliokiri kwamba hawakulia aliwakumbuka kwa muda mrefu.

Jumatatu maafisa walikuta hema la kanisa, viti na sufuria kubwa. Kiongozi wao, kijana mwenye koti la kung'aa, alivua helmeti akamsogelea mama taratibu.

“Pole sana, shosho. Nani ametuacha?”

“Shosho ni nyanya wa kwenu. Hapa mimi ni susu,” mama alisema. “Na mwenye amekufa ni mimi. Si nyinyi mlitangaza kanisani?”

Kijana alicheka peke yake, kisha akaacha. Akaeleza kwa heshima kwamba wamekuja kumpunguzia athari za vumbi na kelele. Akafungua boksi akatoa barakoa na vizibo vya masikio. Mama aliuliza kama kuna barakoa ya punda. Halafu akachukua kizibo kimoja, akakigeuzageuza kwenye kiganja.

“Nikiziba hii masikio,” alisema, “gari ikikuja nitasikia aje nikivuka kuenda maji?”

Kijana alifunga boksi. Mwenyekiti wa akina mama akamwambia kwamba matanga hayavunjwi kabla ya mazishi, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuzika, wao wangeendelea kukaa palepale mpaka kivuko kije. Wakaongeza maji kwenye chai. Kijana alisimama kando akampigia mkubwa wake, na nilimsikia akisema, “Bosi, hapa kuna matanga, na marehemu ndiye anaongea.”

Kivuko kilikuja. Waliteremsha udongo mbele ya lango, wakaacha mwanya kwenye vyuma, wakaweka matuta na michoro myeupe. Vijana wa bodaboda wakaanza kuegesha pale kungoja abiria, na stegi yao hiyo wakaiita Kwa Marehemu.

Juzi boda ilinishusha hapo. Mama alikuwa katikati ya barabara, mkono mmoja kwenye kamba ya punda, mwingine ameuinua, na lori kubwa limesimama likimngoja. Niliogopa kama siku ile ya simu. Nilijua kwamba siku moja jina la stegi litakuwa la kweli, na hakuna afisa atakayelipunguza. Sikuwaondolea macho mpaka punda alipofika upande wa pili.

Mwenye boda, ambaye bado alikuwa anatafuta chenji, aliniuliza, “Na marehemu ako aje?”

“Ako sawa,” nikamwambia. “Ameenda maji.”