Kanzu Iliyopigwa Pasi Msimu Mzima

Kuna kanzu moja huko Jeddah niliipiga pasi kwa miezi minane. Kanzu nyingine za nyumba ile zilipigwa dakika tatu zikaenda kabatini. Hiyo moja ilipigwa dakika tisini kila mechi, na mechi ikienda muda wa ziada, mimi na kanzu tulienda nayo.

Lawama naiweka kwenye soketi. Chumba cha kufulia cha nyumba ile ya Al-Rawdah kilikuwa na soketi moja, na jioni moja ikafa. Madam akaniambia nihamishie meza ya kupigia pasi sebuleni, nyuma ya kochi, kwa sababu Baba alitaka kanzu ya Ijumaa. Baba hakuwa baba yangu. Alikuwa mume wa Madam na kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini kuingia Saudia, mwanamume mnene mpole mwenye duka la masinki na mabomba, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti isipokuwa mbele ya mpira. Jioni hiyo timu yake ya Jeddah ilikuwa inacheza mechi ya kwanza ya klabu bingwa Asia na ilikuwa imeshafungwa mabao mawili. Baba alikuwa amejifunika uso kwa mto.

Nikachomeka waya, nikatandaza kanzu, nikaanza na kola. Bao. Nikahamia mkono wa kulia. Bao jingine. Nilipokuwa kwenye pindo la chini likaingia la tatu, Baba akaruka juu, na aliposhuka alikuwa ameligeukia kochi, ananitazama mimi, pasi na kanzu kama mtu aliyepata jibu la mtihani.

"Hiyo kanzu," akasema, "usiioshe. Usiitundike na nyingine. Mechi ijayo unasimama hapo hapo."

Nilidhani ni furaha tu. Mechi ya pili nikakuta meza imeshatandazwa na Baba mwenyewe, na kwenye zulia ameweka alama kwa utepe wa gundi kuonyesha miguu yangu inakaa wapi.

Mimi ni mwanamke wa kanisa, tena kanisa la Vihiga lisilocheka na mambo ya hirizi. Lakini mahubiri yote niliyoyasikia maishani hayakuwahi kutaja pasi, kwa hiyo niliona nisijitafutie dhambi pasipokuwa na andiko. Nilisimama. Nilijifunza kupiga pasi dakika mbili na kuigiza dakika themanini na nane, moto ukiwa chini kabisa, maji nikirashia hewani. Miguu iliwaka. Hakuna aliyesema niketi, na mimi sikuuliza, kwa sababu kazi ya pasi hufanywa ukiwa wima na ndivyo dunia ilivyo.

Timu ikawa inashinda tu.

Hapo ndipo tatizo langu lilipozaliwa. Nilikuwa namaliza miaka miwili ya mkataba na likizo yangu ilikuwa Desemba. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa anaolewa. Kutoka Saudia si kubeba sanduku tu. Kafili lazima akuombee kibali cha kutoka na kurudi, na siku hizi anakiombea kwenye simu yake, kwa kubonyeza kidole. Safari yangu yote ilikuwa kwenye kidole gumba cha Baba, na kidole hicho kilikuwa na imani yake.

"Baada ya mechi za makundi," akaniambia. "Wallahi, halas, basi, unakwenda."

Harusi ikasogezwa hadi Pasaka. Makundi yakaisha, timu ikaongoza.

"Baada ya kumi na sita bora."

"Baba, binti yangu anaolewa."

"Mabruki! Nitampa zawadi. Lakini ukienda sasa nani atasimama pale?"

Nikamwambia Madam anaweza kusimama. Baba akanitazama kwa huruma, kama daktari anayeambiwa na mgonjwa abadilishe dawa.

Harusi ikasogezwa mara ya pili, na huko nyumbani kamati ya harusi ikaacha mambo ya mahema na keki ikaanza kufuatilia mpira wa Asia, ikiwaombea wapinzani wa Jeddah. Dada yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa akinipigia simu saa ya mechi.

"Hao Wauzbeki wako sawa ama tuongeze maombi?"

"Wamefungwa mbili."

"Ai! Na vile mchungaji alifunga tangu asubuhi! Kwani hiyo mpira haina mwisho?"

Najua kwa hakika kwamba kulikuwa na Jumapili moja ambapo waumini wapatao mia mbili wa Vihiga walisimama na kuinua mikono wakiombea timu ya Wairani ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuitaja jina. Wairani walifungwa kwa penalti.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo sikumwambia dada. Nilikuwa nimeanza kuipenda timu. Huwezi kumtazama beki wa kushoto akikimbia dakika tisini mara kumi na kitu usianze kumwonea uchungu kama mtoto wa jirani. Nilijua kuotea ni nini. Nilijua refa yupi ni mwoga. Siku moja nikasikia mtu anapiga kelele, "Mwachie huyo, mwachie, mafi faida, hana faida!" Baba na Madam wakageuka, na nikaelewa kuwa aliyepiga kelele ni mimi. Wasichana wenzangu wa kazi niliokutana nao soko la Sharafiya, nilipokwenda kununua mablanketi ya harusi, walikuwa wakiniita mganga wa mpira. Niliwatukana kidogo nikarudi kazini.

Wakati wa likizo ya shule tulikwenda Riyadh kumwona mama yake Madam, ambaye watumishi wote tulimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa. Tulisafiri kwa gari siku nzima, meza ya pasi ikiwa imefungwa juu ya paa, kwa sababu kulikuwa na mechi katikati ya juma. Mlinzi wa jengo la Mama Kabira pale Olaya aliitazama meza, akanitazama, akauliza kama huko Jeddah hatujui kwamba Riyadh nako kuna pasi. Baba akamjibu kwa hasira kwamba si kila pasi ni pasi.

Mama Kabira alikuwa mtu wa Riyadh hasa. Alikuwa na miaka sabini na zaidi, tasbihi mkononi, ubani kila kona ya nyumba, na mdomo ambao ungemfukuza refa yeyote uwanjani. Timu yake ya Riyadh nayo ilikuwa kwenye mashindano yale yale. Alinitazama nikimpigia mkwe wake kanzu, timu ya Jeddah ikishinda. Kesho yake, timu yake ilipoingia uwanjani, akanitupia kitambaa cha meza chenye rangi za timu yake.

"Yalla, haya, binti. Changu nacho kimekunjamana."

Wakashinda mabao manne. Kitambaa kile nacho kikapigwa marufuku kuoshwa.

Kuanzia hapo kila mmoja wao alidai kuwa mimi ni wake. Raundi za mwisho zote zilichezwa Jeddah, na kama vile mtu alipanga kunikomoa, nusu fainali ikawa Jeddah na Riyadh. Ilikuwa Jumanne. Fainali ilikuwa Jumamosi. Harusi ya binti yangu, tarehe ya tatu, kadi zimeshachapishwa na upande wa bwana harusi umeshasema hausogei tena hata siku moja, ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo.

Binti yangu alinipigia Jumatatu. Hakulia, na ingekuwa afadhali angelia. Alisema tu, "Mum, nimemwambia Auntie anisindikize mpaka mbele. Ukifika, sawa. Usipofika, naelewa." Nilikata simu nikakaa kwenye sakafu ya jikoni. Niliichukia timu, nikamchukia beki wa kushoto, nikaichukia kanzu.

Mama Kabira alifika kwa ndege na kitambaa chake kwenye mkoba. Aliingia jikoni kabla hata hajavua abaya.

"Riyadh ikishinda," akaninong'oneza, "yeye hana tena mechi, na Alhamisi unapanda ndege. Kidole chake nitakishika mimi mwenyewe. Kwa hiyo kipige kitambaa changu vizuri."

Sebuleni walibishana mpaka Madam akaamua: kipindi cha kwanza kanzu, kipindi cha pili kitambaa. Nikasimama kwenye alama zangu za gundi. Na hapo, nawaambia ukweli, mimi mwanamke wa kanisa niliyejiambia miezi minane kwamba siamini, niliinama kama naokota kitu nikauchomoa waya. Nilitaka kanzu ikose moto. Nilitaka Jeddah ifungwe.

Nilipiga pasi baridi dakika arobaini na tano. Jeddah ikafunga mbili.

Mapumziko nikachomeka waya, nikapandisha moto mpaka mwisho. Kitambaa cha Mama Kabira kilipigwa siku hiyo hadi sebule ikajaa mvuke. Niliomba kwa Kiluhya. Riyadh haikupata hata kona ya maana. Kipenga kilipolia, Baba alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, Mama Kabira amekunja uso, na mimi nilikuwa nimeshika pasi ya moto nikiiona Jumamosi yangu ikienda.

Huwa nina hasira za karibu. Zilikuja.

"Baba!" nikasema. "Pasi ilikuwa baridi! Kipindi chote cha kwanza ilikuwa baridi! Nilichomoa waya mimi mwenyewe ili mfungwe, na mkashinda. Pasi haifungi mabao! Haijawahi! Nipe ruhusa niende kwa mtoto wangu!"

Baba alimtazama Madam.

"Ni kweli," Madam akasema. "Nilimwona akichomeka waya wakati wa mapumziko. Nikashangaa."

Nikasema moyoni, halas, sasa ameona. Baba alikaa kwenye kochi. Alihesabu kitu kwa vidole. Uso wake ukaanza kufunguka polepole.

"Ya moto, Riyadh, sifuri," akasema. "Baridi, Jeddah, mbili." Akasimama. "Wallahi! Siku zote tulikuwa tunashinda kwa taabu kwa sababu ya moto! Fainali ni pasi baridi!"

Niliketi pale pale kwenye zulia, juu ya alama zangu, nikalia kwa sauti, kilio cha kwetu kabisa, mpaka Madam akazima televisheni.

Aliyenyanyuka ni Mama Kabira. Timu yake ilikuwa imetolewa dakika tano zilizopita na bado alikuwa ameshika kitambaa chake chenye joto.

"Pasi ikiwa baridi haiunguzi," akamwambia mkwe wake. "Haitaki ujuzi. Hata mimi naweza. Nitasimama mimi."

"Ya khala, mama mkwe wangu, wewe ni wa Riyadh! Utatuombea mabaya!"

"Nitasimama pale pale, kwa kanzu yako, kwa timu yako, na mabaya sitaomba. Mwanamke huyu ana bibi harusi anayemngoja. Leta simu."

"Lakini khala..."

"Bonyeza."

Baba alibonyeza. Simu ikalia kidogo, kama inavyolia kwa ujumbe wa kawaida tu.

Jumamosi nilimsindikiza binti yangu mpaka mbele, mkono wake kwenye mkono wangu, na dada yangu nyuma akilia kuliko sisi sote kwa kuwa alikuwa ameshashona gauni la kusindikizia. Jioni, wakati wa kukata keki, simu ikatikisika kwenye mkoba. Madam alikuwa ametuma picha. Baba anaonekana kwa nyuma, mikono kichwani, na nyuma ya kochi yupo Mama Kabira, wima, ameshika pasi juu ya kanzu, uso umekunjamana kama wa mtu anayemeza dawa. Waya unaning'inia chini.

Jeddah ilichukua kombe. Kamati ya harusi ilipopewa habari ilipiga vigelegele, na mchungaji akasema maombi yote yamejibiwa, akaacha kufafanua yapi.

Siku mbili baadaye ukaja ujumbe wa sauti, wa Mama Kabira. Aliongea polepole ili Kiarabu chake kiniingie. "Binti, nimesimama dakika tisini. Leo ni siku ya pili siwezi kushuka ngazi. Hivi wewe ulikuwa unasimama hivyo kila mechi?" Kisha nikasikia tasbihi yake. "Na hakuna kati yetu aliyeona."

Niliusikiliza nikiwa jikoni kwa dada yangu, nikausikiliza tena.

Niliporudi Jeddah baada ya miezi miwili msimu mwingine ulikuwa karibu kuanza. Baba alinipokea na kanzu ile ikiwa kwenye mfuko wa nailoni, imeng'aa kifuani na kuwa nyembamba hata ungeona mkono kupitia kitambaa. Meza ilikuwa mahali pake, nyuma ya kochi. Alama za gundi zilikuwa zimebanduliwa, na badala yake kulikuwa na kiti cha mbao chenye mto, kilichotumwa kwa gari kutoka Riyadh.

"Ni yeye," Baba akasema bila kunitazama. "Nimemwambia kuketi kutaharibu bahati. Amesema basi na iharibike."

Nikakivuta, nikaketi.