Kibao cha Fundi Majeneza

Pale dukani kwa mjomba wake, wanapochapa kadi na vibao, binti alijulikana kwa jina la Mama Mwandiko, ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa na fonti moja aliyoipenda kupita kiasi: herufi nyembamba, zilizoinama na kushikana mikono, kana kwamba zimeandikwa na mtu mwenye kalamu nzuri na asiye na haraka. Aliiweka kwenye kadi za harusi, sawa. Akaiweka na kwenye tangazo la mashine ya kusaga. Mwenye mashine hakurudi tena.

"Mwanangu," mjomba alimwambia, "hizo herufi zako zina njaa."

"Ndilo umbo lake, mjomba."

Siku moja akaingia fundi majeneza, mtu wa maneno machache, nyusi zimejaa vumbi la mbao.

"Nataka kibao kisichotisha," alisema. "Hiki cha sasa, watu wakikiona wanavuka barabara."

Mama Mwandiko hakungoja kuambiwa mara mbili. Akaandika *Majeneza ya Kisasa* kwa fonti yake, kijivu kilichopauka juu ya nyeupe. Kikapendeza kweli.

Wiki haijaisha, fundi huyo karudi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Jana kaja mama mmoja na vipimo vya dirisha."

"Dirisha?"

"Kasoma *mapazia*. Wala si wa kwanza."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hapa tunapima mtu."

Mjomba akageukia ukutani, mabega yakimcheza.

Binti akafuatana na fundi hadi karakana yake, akasimama ng'ambo ya barabara na kukodoa macho. Vile vistari vyembamba vilikuwa vimemezwa na jua. Vilivyobaki vingeweza kuwa mapazia, mapishi, au rangi iliyopasuka. Masikio yakamwaka moto kwa haya. Miaka yote alikuwa akizitazama herufi zake kwenye kompyuta, zimekuzwa, pua ikikaribia kugusa kioo.

Akakitengeneza upya. *Majeneza* akaliandika kwa herufi nene, zilizosimama wima. Fonti yake hakuitupa: kwenye kibao kidogo cha mlangoni, ambapo mtu husogea karibu, aliandika kwa wino mweusi, akiacha nafasi tele pande zote: *Poleni sana. Karibuni ndani.*

Fundi akakitazama kile kikubwa. "Hiki hakitasomeka *mashuka*?"

"Hakitasomeka, fundi."

Mwaka huohuo mume wa shangazi yake akafariki. Shangazi hakutoa chozi. Tangu hospitali alikuwa akitoa amri tu, nani alete viti, nani apige simu. Walipofika kwa fundi akasimama mlangoni, akasoma, akasoma tena.

"Nani kaandika hivi kwa mkono wake?"

Mama Mwandiko alitaka kueleza kwamba si mkono, ni fonti.

"Ni mimi, shangazi."

Shangazi akaangua kilio palepale. Fundi akatoka na kiti, akamkalisha, akasubiri. Futi yake ya kupimia aliificha nyuma ya mgongo.