Jibu la Zuhura Kliniki

Usiku ule nilimeza kidonge changu mbele ya dada Mwajuma kama kawaida. Akanitakia usiku mwema, nami nikamwitikia vizuri kabisa. Sikumwambia kwamba wiki ya tatu sasa nilikuwa nataka kufa. Zile sauti za kunitukana kichwani dawa ilikwisha kuzinyamazisha, nisiseme uongo, lakini wazo hilo lilibaki, pamoja na miguu isiyotulia, na aibu. Nikalala.

Nikajikuta kliniki, kwenye benchi la saruji, kadi mkononi. Ni asubuhi, ila jua halina joto. Pembeni yangu amekaa Zuhura. Tulipanga naye foleni ya dawa miaka minne, tukitaniana nani kanenepa zaidi kwa vile vidonge, mpaka alipojiua mwezi mmoja kabla ya mfungo. Nilimwogopa, na nilifurahi kumwona, yote mawili.

Nesi anamwita, anamuuliza habari. "Nzuri tu," anajibu, vilevile alivyojibu siku ile ya mwisho, huku anachekacheka. Nesi anaandika, anampa dawa. Zuhura anarudi kukaa. Anaitwa tena, anajibu vilevile. Kila akirudi benchi limerefuka, limejaa watu wasio na nyuso, wote wanasema nzuri, nzuri, kama wanaoitikia dua. Mlango siuoni tena.

Ndivyo tulivyolelewa, jamani. Hata aliyefiwa, ukimuuliza habari, huanza na nzuri, ndipo aseme kuna msiba. Zuhura aliishia kwenye lile neno la kwanza. Na mimi nilikuwepo, nikacheka naye.

Nesi anaita jina langu. Zuhura ananishika mkono, na mkono wake ni wa baridi.

"Mimi nilijibu nzuri mpaka nikazikwa," ananiambia. "Wewe sema kweli."

Nikazinduka, jasho limenilowesha. Kulikuwa kunapambazuka, na dada yuko uani anawasha jiko. Lile wazo lilikuwa palepale, halikwenda popote. Akasikia nyayo zangu, akaniuliza bila kugeuka nimeamkaje.

Jibu likanijia mdomoni kwa mazoea. Nikalimeza.

"Sijaamka vizuri, dada. Nataka kufa, na naogopa. Usiniache peke yangu leo."

Akaliacha jiko, akaja kunishika mkono. Wake ulikuwa wa moto, umejaa mkaa. Hakuuachia mpaka tulipofika kliniki.