Nilivyoalika Mtaa Mzima kwenye Hitima ya Mama

Nianze kwa kukiri kwamba mpaka leo nikipita mbele ya baraza za Kibokoni nikaona wanawake wamenyamaza ghafla, kisha mmoja akacheka chini chini, najua nimekumbukwa, nami huongeza mwendo. Sina wa kumlaumu. Hakuna aliyenituma kujitia Mswahili wa Mombasa, mimi Mutheu, mzaliwa wa Machakos, niliyejifunza Kiswahili darasani na kupata alama nzuri (na alama hizo ndizo zilizoniponza).

Mwaka juzi wakati wa vuli mama alikuja kwetu kutibiwa nyonga. Alikuja kwa wiki mbili. Tulikuwa tukikaa Tononoka, ghorofa ya nne, na ngazi zile hakuziweza hata kidogo, kwa hivyo tukahama haraka haraka tukapata vyumba vya chini hapa Kibokoni, katika nyumba ya Bi Salma, mjane anayekaa juu yetu. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi, na vuli nyingine ikaingia mama bado yupo.

Sasa, kwa wasiotujua sisi Wakamba, mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Mama mtu mzima kulala mwaka mzima chini ya paa la mume wa bintiye ni aibu kubwa kwake. Miezi ya mwanzo mama alikula chumbani mlango umefungwa, na mume wangu Musyoka, ambaye ni fundi wa reli na sauti yake si ndogo, akifika mlangoni alikuwa akikohoa mara tatu ili mama apate nafasi ya kutoka sebuleni. Majirani walidhani ana kifua.

Kisha mwezi wa sita mama akaanguka bafuni, na aliyekuwapo nyumbani ni Musyoka peke yake. Alimfunika, akamwinua, akambeba mpaka kitandani. Wiki nzima baada ya hapo hawakutazamana. Halafu asubuhi moja nikamkuta Musyoka amerudi na mahamri, ameyaweka mbele ya mama kwa mkono wake mwenyewe bila kumtuma mtoto, na mama akasema asante huku ameukodolea macho ukuta. Mimi nilikwenda jikoni nikalia. Tangu siku ile tulikula sote pamoja, mama akamfundisha binti yangu Mwende Kikamba, na jioni akawa anakaa barazani na Bi Salma wakichambua mbaazi, kila mmoja akimwambia mwenziwe kwamba hajui kuzipika (mama huzipika na mahindi, Bi Salma na nazi, na sisi tulikula zote mbili).

Basi mwezi wa kumi na moja kaka yangu Mutua akapiga simu kutoka Machakos, akasema watu wa kanisani wanauliza kama mama hana mtoto wa kiume. Mama alisikia. Asubuhi yake alianza kukunja nguo, akatangaza kwamba Jumatatu ijayo anakwenda zake kwao. Mimi sikutaka aende, na kumwambia sikuweza, kwa sababu kumwomba abaki ilikuwa kama kumwomba aendelee kuaibika. Ndipo nikapata wazo. Nikasema nitafanya karamu ndogo ya shukrani Jumamosi, nieleze mbele ya watu mwaka huu umekuwa mwaka gani kwetu, na labda mama akisikia atabadili nia. Hapo bado hakujaharibika kitu.

Kilichoharibu ni kiherehere changu cha kutaka kumwalika Bi Salma kwa neno la kwao. Mwaka mzima nilikuwa nikisikia, "Alhamisi kuna hitima kwa fulani," na jioni naletewa sahani ya biriani imefunikwa vizuri. Kwa akili yangu ya darasani nikapiga hesabu: hatima ni mwisho, kuhitimu ni kumaliza masomo, kwa hivyo hitima ni karamu ya kumaliza jambo. Mwaka wa mama umeisha, hii ni hitima ya mama. (Nyinyi mnaojua mshaanza kucheka. Kwa asiyejua, hitima ni kisomo cha kumrehemu maiti.)

Alhamisi asubuhi nikamkuta Bi Salma mlangoni. Mama hakuwapo, alikuwa amekwenda tangu Jumanne kumuaga binamu yake Tononoka, arudi Jumamosi jioni, nami nilikuwa nimelia usiku.

"Sabalkheri, Bi Salma."

"Sabalkheri, mwanangu. Mbona mato mekundu?"

"Ni mambo ya mama tu. Jumamosi baada ya alasiri tuna hitima yake. Tafadhali mje nyote, wake kwa waume."

Akashika kifua. "Hitima ya mamako? Ameondoka lini?"

"Jumanne," nikamjibu bila wasiwasi. "Na Jumatatu tunamsafirisha Machakos."

Bi Salma akanikumbatia kwa nguvu mpaka mkoba ukaanguka. "Basi usishike chungu, mwanangu. Kupika ni juu yetu. Tutakuya sote." Nikaenda kazini nikijisemea, hawa watu wa Mombasa wana ukarimu wa ajabu.

Jumamosi nilipamba sebule kwa maputo ya manjano na waridi, nikaweka keki mezani imeandikwa ASANTE MAMA. Simu nikaiacha chumbani inachaji. Saa kumi zikaanza kuingia sufuria za biriani, kisha mikeka, kisha wanawake wa mtaa mzima katika mabuibui yao, kimya, wakikaa chini mmoja mmoja. Nje barazani wanaume wa kanzu walikuwa wamejipanga, na Musyoka alipotoka kazini wakampa mkono wote wakimwambia, "Pole sana, bwana." Naye kwa kuwa alikuwa amechoka kweli akawajibu, "Nishapoa, ndiyo kazi yenyewe."

Bi Salma aliyatazama maputo kwa muda mrefu. "Hii ndiyo mila yenu?" akaniuliza polepole.

"Siku hizi ndiyo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mwanamke mmoja akasoma maneno ya keki, akaangua kilio, na wengine wakamfuata. Nikashangaa kwamba safari ya Machakos imewagusa hivi, na mimi huruma ikanishika, nikalia nao (naam, nililia kwenye hitima niliyoitisha mwenyewe bila kujua).

Bi Salma akaanza kusema. "Mimi na mamake Mutheu hatukujua kuzungumza vizuri. Nikisema hili yeye afahamu lile. Lakini tangu afe mume wangu, watu huniamkia wakapita. Yeye alikaa. Kila jioni alikaa nami mpaka waadhini magharibi, ndipo huinuka. Wallahi sijui kesho nitakaa na nani."

Katikati ya maneno hayo mama alikuwa ameshuka kwenye tuktuk, akapita mlango wa nyuma, akaona wanawake wameinamisha vichwa, akadhani ni maombi. Akajitanda leso yake, akakaa mkekani nyuma kabisa, akainama na yeye. Alisikia yote. Kisha akamgusa aliye karibu naye, akanong'ona, "Ni nani amekufa?"

"Mamake Mutheu," akajibiwa.

"Mimi?"

Ukelele uliopigwa pale siuwezi kuuelezea. Wengine walikimbia kupitia dirishani, sufuria moja ikapinduka, wanaume wakaingia mbio, na Bi Salma akamkamata mama mikono yote miwili akawa anaminya vidole vyake kama anayechagua ndizi mbivu. Nilipoulizwa nilisema nini hasa, nikalirudia lile neno, na kwa mara ya kwanza nikaziona nyuso za watu zikilipokea. Nilitamani sakafu ipasuke.

Bi Salma alicheka kwanza, akacheka mpaka akakaa chini. "Nilijua nyinyi si wa hitima," akasema, "lakini nikafikiri umetumia neno letu kwa kutuheshimu." Kisha akashtuka. "Ya Rabbi! Na nduguyo nishampigia simu leo mchana kumpa pole, kwa nambari aliyonipa mamako!"

Mama hakuwa akicheka. Alimgeukia Musyoka aliyesimama mlangoni na kofia yake ya kazi, akamwuliza, "Na wewe ulijua nimekufa?"

Musyoka aliangalia chini. "La, mama. Nilijua unaondoka Jumatatu. Hilo peke yake lilinitosha."

Mama alitengeneza leso yake mara mbili, mara tatu, kama anavyofanya akitaka kulia na hataki kuonekana. Nilikimbilia simu, nikakuta Mutua amepiga mara ishirini na sita. Nilipompata alikuwa analia kama mtoto na ameshawaita wazee.

"Mwambie nimefufuka," mama akasema kutoka mkekani, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Na mwambie siji. Wakiuliza kanisani, aseme huku nina mtoto wa kiume mwingine."

Biriani ililiwa, keki ililiwa, maputo yakapasuliwa na watoto wa jirani. Ile hotuba yangu ya shukrani haikusomwa, nimeiona juzi kwenye mkoba imelowa mafuta.

Nimeapa kwamba neno la wenyewe sitalitia mdomoni tena kabla ya kuwauliza wenyewe. Lakini kinachonichoma zaidi si neno. Ni kwamba nilitafuta keki na maputo na mtaa mzima ili nimwambie mama jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia, naye alikuwa chumba cha pili mwaka mzima. Siku hizi kabla sijaenda kazini naingia chumbani kwake, namwambia kwa Kikamba, lugha nisiyoogopa kuikosea, "Nĩ mũvea, mwaitu," yaani asante, mama. Yeye huniambia nitachelewa kazini, niende.