Betri Mkononi

Juzi, kwenye kibanda cha fundi Tandale, nilimwona kijana akichomoa betri ya mviringo ndani ya kompyuta. Nikanusa vumbi la moto, mara kumbukumbu ikanirudisha sebuleni kwetu Temeke, nilipokuwa mtoto.

Mama, mpiga chapa, alikuwa ameruhusiwa kuja nyumbani na kompyuta ya ofisi amalize ripoti. Alasiri ile alikwenda msibani, na kaka Hamisi, aliyekuwa akisomea ufundi, akaifungua. Alihamisha kipini kidogo kwenye bodi ya ndani ili prosesa, ubongo wa kompyuta, iende mbio kuliko ilivyopangiwa. Alipoiwasha, kioo kilibaki cheusi, ikawa inalia piii, piii. Nilidhani inaumwa.

Alirudisha kipini. Bado ikalia. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Mama atafukuzwa kazi," alinong'ona, akachomoa betri. "Hii mpaka isahau kila kitu."

Isahau? Siku tatu Mama alikuwa akigonga vitufe vile! Niliipora betri nikakimbilia uani, nikagongana na Mama akiingia.

"Mama, kaka anataka isahau kazi yako!"

Leo najua bila betri ile ingesahau mipangilio ya kuwashia tu; ripoti ilikuwa salama kwenye diski. Mama naye hakujua. Alikaa kizingitini na baibui lake.

"Umefanya nini, Hamisi?"

"Nimeiharibu, mama. Naomba betri, nijaribu mara ya mwisho."

Mama alinifumbua vidole kimoja kimoja, akampa kaka betri. Akairudisha, akawasha. Kompyuta ikalia mara moja tu, kisha maandishi meupe yakajitokeza. Kaka akaangua kilio kama mtoto, na Mama akamfuta uso kwa ncha ya baibui.