Ukuta Unaovuta Pumzi Bangwe

Itangazwe kwa wakazi wote wa Bangwe, wenye masikio na wenye matumbo, kwamba wodi mpya ya wazazi, isiyohitaji feni wala kiyoyozi, imekamilika. Kwamba ukuta wake wa matundu unapokea upepo wa ziwa na kuwapa wagonjwa nafuu. Na kwamba tangu utepe ukatwe, hakuna mzazi hata mmoja aliyethubutu kulala humo.

Aliyeichora ni Winfrida, binti wa Rusimbi, mtu wa kukatisha mazungumzo ili apime upepo kwa kidole kilicholowa mate. Kabla ya kuchora mstari wa kwanza alishinda ufukweni siku nyingi, akiangalia upepo unakotoka, jua linakochoma, maji yanapofika ziwa likijaa. Kila kitu alikipima. Kasoro sauti.

Maana ukuta ulipumua kweli. Alasiri matundu yalivuta: huuu, taratibu, kama mtu mzito aliyelala chumba cha pili. Kisha kimya. Kisha, ukishaanza kujidanganya kwamba yameisha, huuu.

Na watu wa ufukwe ule hawaitiki sauti ya upande wa ziwa mpaka wamwone mwenye sauti. Ukiitwa, unanyamaza, unageuka, unatafuta uso. Sasa mwenye uchungu wa kuzaa atanyamazaje? Ukuta ukiita, naye akapiga ukelele, ameshaitika, na anayeitika, wanasema, huchukuliwa.

"Oya, dada, hapana," Gloriose, jirani yake, alimkatalia Winfrida, akikaza kitenge juu ya tumbo lililotimiza miezi yake. "Nizae huku namjibu nisiyemwona?"

Uzazi uliopita Gloriose alijifungulia nyumbani, akamwaga damu hadi midomo ikawa rangi ya majivu. Winfrida alilijua hilo. Ndilo lililomkalisha kwenye meza ya kuchorea.

"Ni upepo tu, Gloriose."

"Basi kalale wewe. Tumbo si unalo?"

Alikuwa nalo, tena la kumtangulia mlangoni.

Uchungu ulimkuta humohumo wodini, yuko juu ya stuli anaziba tundu kwa kanga ili ajue sauti inapitia wapi. Eufrasia, muuguzi wa zamu, akamlaza kwenye kitanda kinachotazama maji. Ziwa lilikuwa limetulia kama limeshikiliwa. Mtumbwi mtupu ulikaa juu yake bila kusogea. Nje hapakutikisika hata jani.

Ukuta ukavuta.

"Eufrasia, upepo upo?"

"Haupo."

"Mbona unaita?"

"Bana meno, mama. Mimi nimeajiriwa, siruhusiwi kukimbia."

Winfrida akabana. Akakumbuka yote aliyosoma kuhusu mandhari inayomtuliza mgonjwa, hakuna lililomfaa. Huuu, safari hii karibu, nyuma kabisa ya mto wake. Uchungu ukapanda, mdomo ukafunguka wenyewe, na ukelele ukatoka wa kusikika gatini.

Ukuta ukanyamaza. Ulinyamaza katikati ya pumzi, kama mtu asiyetegemea kujibiwa. Kimya hicho Eufrasia hadi leo anakisimulia kwa kunong'ona. Kisha mtoto akalia, na ile kanga ikachomoka kwenye tundu, ikaanguka sakafuni bila kuguswa.

Jua lilipolegea, wanawake walijaa mlangoni. Hakuna aliyevuka kizingiti. Mbele yao alisimama Gloriose, furushi la nguo za mtoto kwapani. Akamkagua mtoto, vidole, macho, kisigino. Akamkagua na mama yake, kama anayehakikisha aliyerudi ndiye yuleyule aliyekwenda.

"Umeitika," alisema.

"Nimeitika."

"Ukuta ukasema nini?"

Nyuma ya kichwa cha Winfrida ukuta ukaanza upya, huuu. Wanawake wakarudi nyuma wakikanyagana. Gloriose peke yake alibaki, mkono umeshika kiuno, jasho linamtoka, maana naye uchungu ulikuwa umeshaanza. Akaweka mguu mmoja ndani, akasubiri jibu.

Winfrida alimhamishia mtoto mkono wa pili.

"Haukusema kitu. Ila choo nimekichora mbali mno na kitanda."