Mpwa Wangu wa Mkaa

Nimeishia darasa la tatu. Lakini pita Ifakara uone mabango ya saluni, ya maduka, ya mashine za kukoboa mpunga: mengi ni mkono wangu. Nyumba yangu imetoka kwenye brashi. Na kazi yote hiyo niliiita kuchora, basi.

Binti yangu, mwalimu wa Kiingereza, alinikuta nakoroga rangi.

"Baba, wanafunzi wangu wanayachanganya maneno haya mawili. Mistari mitupu, ya penseli au mkaa, ni drawing. Ukipaka rangi, ni painting."

"Wazungu hawana kazi. Mimi nachora vyote, na wewe umesomeshwa kwa hivyo hivyo."

Akacheka. "Haya, fundi."

Masika ya mwaka ule mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada yangu, alitoka Kivukoni kwenda kutega nyavu mtoni. Mtumbwi ulionekana umepinduka. Yeye hakuonekana, hata mwili wa kuzika. Picha zake zilikuwa kwenye simu, na simu alikwenda nayo. Dada akataka nimchore ukutani, sebuleni kwake. Nikaanza kwa mkaa juu ya chokaa, yeye nyuma yangu: "Sikio lilitoka nje kidogo. Hapo. Shavu punguza."

Nilipofungua kopo, akanishika mkono.

"Rangi ya nini, kaka?"

"Ili adumu."

"Sitaki adumu ukutani. Nataka arudi. Ukimpaka rangi, nitakuwa nimekubali."

Nikalifunga kopo. Basi binti yangu alisema kweli: ni vitu viwili.

Ila mkaa haukai. Unyevu unaula, bega la mgeni linaufuta. Kila mwaka dada ananiita nipitie mistari. Mimi siogopi mtu, lakini ukuta ule nauogopa. Sura ya kijana imenitoka kichwani. Nafuata mstari wangu wa mwaka jana, nao ulifuata wa mwaka juzi. Macho yameingia ndani. Pembeni mwa mdomo pana mkunjo ambao sikukusudia kuuweka.

Mwaka huu nilipomaliza nikasimama pembeni, nikingoja aniambie huyu si mwanangu. Alimtazama muda mrefu.

"Umeona, kaka? Anazeeka."

Nikapangusa mkaa vidoleni.

"Maiti haizeeki," akasema, akaenda kuinjika chai.

Nilibaki na yule wa ukutani. Sikumgeuzia mgongo mpaka dada aliporudi.